Simu ya Kikundi Itafutiwe Mtu wa Kujibu



Sisi akina mama wafuga nyuki tulianza kutangaza asali kwa WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018. Tuliweka picha nzuri, bila bei. Wateja waliuliza, tulipojibu siku ya tatu, walikuwa wamekwisha kununua kwingine. Ndoo zilibaki, ada za watoto zikachelewa.

Sasa mama mmoja amekabidhiwa simu. Kila picha ina bei, ujazo na mahali. Picha za stetasi hutoweka baada ya saa 24, hivyo huziweka upya kila asubuhi. Hatutoi asali kabla ya kuangalia salio, kwa kuwa ujumbe wa malipo huweza kughushiwa.

Kamati zinazotaka kuanza zichague kwanza mjibuji, ndipo zinunue simu.