Fimbo Isiyohesabiwa



Katika gofu, kupunga fimbo bila nia ya kuupiga mpira hakuhesabiwi kuwa pigo. Kwa hiyo wengi wetu hupunga ovyo mara tano, sita, kisha hupiga vingine kabisa.

Siku moja, kwenye shimo la mwisho, fimbo yangu ya majaribio iliusogeza mpira nyasini. Hakuna aliyeona. Nilijitaja, nikaurudisha mahali pake, nikaongezewa pigo moja. Kikombe kikaenda kwa mwingine.

Tangu hapo nasimama kando ya mpira, natazama niendako, napunga mara moja tu, kwa kasi ile ile nitakayopigia.

Vijana, zoezi lifanyeni kama kazi yenyewe.