Ukuta wa Bwawa la Tope

Ndugu wananchi wa Bububu,

Nitazungumza juu ya mabwawa ya taka za migodi. Mtaniuliza, Unguja kuna mgodi gani wa almasi? Hakuna. Lakini mashimo ya mchanga tunayo, na mchanga tabia yake ni moja, hapa na Shinyanga.

Mgodi ukishasaga jiwe na kutoa mali yake, hubaki tope. Humwagwa bwawani, na mara nyingi ukuta wenyewe hujengwa kwa taka hizo hizo. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui ulivunjika. Tope likafunika mashamba na nyumba. Bahati hakufa mtu. Kule Brumadinho, nchini Brazil, tarehe 25 Januari 2019 walikufa watu 270. Na bwawa lile mwaka 2018 lilipewa cheti kuwa ni imara!

Sasa, ukuta hupimwaje? Mwageni mchanga mkavu chini. Utafanya kichuguu, na mteremko wake hauzidi nyuzi 35 hivi. Utieni maji kidogo, utashikana. Watoto hujengea nyumba pwani. Yazidisheni maji, unakuwa uji, kwa sababu maji yanazisukuma chembe zisibanane. Kwa hivyo mpimaji hatazami mteremko peke yake. Huchomeka mabomba ukutani aone maji ya ndani yamepanda hadi wapi. Huchukua udongo akaupima nguvu. Kisha hugawa: nguvu inayozuia kwa nguvu inayosukuma. Jibu likiwa 1, ukuta uko ukingoni. Kwa kawaida hutakiwa 1.5, yaani kinachosukuma kikiwa kilo 100, kinachozuia kiwe kilo 150.

Dalili nyingine hazitaki hesabu. Nyufa juu. Kuvimba chini. Maji kutoka kwenye kitako cha ukuta. Sisi hapa chemchemi ni fahari yetu. Sultan Barghash aliyavuta maji yake kwa mabomba mpaka mjini. Lakini chemchemi mpya chini ya bwawa, tena yenye maji machafu ya udongo, jamani, hiyo inautoa ukuta kidogo kidogo kutoka ndani.

Na nyinyi vijana wa mashimo ya mchanga, ukuta uliosimama wima msiufukue chini. Umeshikwa na unyevu tu. Jua likiukausha au masika yakiuzidishia maji, unashuka. Uchongeni ulale. Na mmoja wenu asimame juu, mbali na ukingo, kazi yake iwe kutazama nyufa tu.