Stakabadhi ya Mkulima na Seva ya Wingu: Mfano wa Kahawa ya Mbinga

(Yafuatayo ni maneno kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya makarani, wahasibu na maafisa wa kompyuta wa Unguja na Pemba. Yanachapishwa kwa faida ya watumishi wote wa umma.)

Waheshimiwa viongozi,
Ndugu watumishi,



Mkulima wa Pemba anapofikisha karafuu zake kituoni, hupimiwa na kupewa risiti. Mkulima wa kahawa wa Mbinga, katika milima ya Umatengo mkoani Ruvuma, naye hupeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, akapimiwa na kupewa stakabadhi. Lakini kahawa ya ushirika huuzwa mnadani baadaye, na mkulima hulazimika kungoja malipo yake. Katika siku hizo za kungoja, kahawa haimo tena ghalani mwake, na fedha hazijafika mkononi mwake. Kilichobaki ni ile karatasi tu.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba chama cha namna hiyo kimeamua kuacha daftari na kuhifadhi stakabadhi zake katika mfumo wa kompyuta. Swali linalozuka si la ufundi peke yake. Ni swali la amana: nani atakuwa mlinzi wa neno la mizani?

Mifumo mingi ya namna hii huandikwa kwa lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 na kuitoa kwa watu mwaka 1995. Siku hizi mtaalamu haanzi na ukurasa mtupu. Hutumia kiunzi, yaani jengo lililokwisha kusimamishwa nguzo na paa, naye akabakiwa na kazi ya kugawa vyumba. Kiunzi kinachotumika sana ni Laravel, kilichotolewa na Taylor Otwell mwaka 2011.

Mfumo ukiisha kuandikwa, husimikwa katika seva. Zamani seva ilikuwa kompyuta iliyowekwa ofisini. Leo ofisi nyingi hukodi sehemu ya kompyuta za kampuni kubwa zilizo mbali, na huduma hiyo huitwa wingu. Jina lisimdanganye mtu. Wingu lina nyumba, lina umeme, na lina mwenyewe. Anayekodi hukodi nafasi, lakini dhamana ya kilichowekwa humo hubaki kwake.

Kwa mintarafu hiyo, mambo matano hayana budi kuzingatiwa kabla mfumo haujafunguliwa kwa wananchi.

Kwanza, siri za mfumo. Laravel huweka nywila ya kanzidata na ufunguo wa usimbaji katika faili moja liitwalo .env. Faili hilo halifai kuchanganywa na msimbo unaogawiwa mafundi. Siri hizo huandikwa katika sehemu ya mipangilio ya seva yenyewe, na wazijue wachache. Aidha, mlango wa mfumo unaoelekea kwa wananchi ni folda moja tu, ile ya hadhara. Fundi akiielekeza seva kwenye folda kuu badala ya hiyo, huwa amefungua nyumba nzima kwa mpita njia.

Pili, hali ya uchunguzi. Wakati wa kutengeneza, mfumo huonyesha kila hitilafu kwa urefu ili fundi aione na kuirekebisha. Mbele ya wananchi hali hiyo izimwe. Mwaka 2021 ilitangazwa kasoro katika Ignition, chombo cha kuonyesha hitilafu kinachotumika pamoja na Laravel. Seva zilizokuwa na chombo hicho bila marekebisho, na zikaachwa katika hali ya uchunguzi, ziliweza kuendeshwa kwa amri za mtu aliye mbali. Kosa la kusahau kuzima swichi moja likawa sawa na kumkabidhi mgeni funguo.

Tatu, na hili ndilo linalowakuta wengi bila habari, ni mahali pa kuweka picha na mafaili. Katika huduma kadhaa za wingu, diski ambayo mfumo unaandikia si ya kudumu. Katika huduma ya Heroku, kwa mfano, mfumo huanzishwa upya walau mara moja kwa siku, na kila faili lililoandikwa humo baada ya kusimikwa hupotea. Karani wa Mbinga akipiga picha ya stakabadhi na kuihifadhi hapo, jioni ataiona, na kesho yake hataiona. Hakuna mwizi aliyeingia wala mtambo ulioharibika. Ndivyo huduma ilivyopangwa. Kwa hiyo picha zipelekwe kwenye ghala la mafaili lililo mbali na mfumo, na hesabu zikae katika kanzidata inayojitegemea. Msimbo ukipotea utasimikwa tena kwa muda mfupi. Uzito wa gunia uliopotea hauna wa kuuandika upya.

Nne, mabadiliko ya majedwali na nakala rudufu. Kiunzi kina amri ya kuongeza jedwali jipya katika kanzidata. Kina pia amri nyingine, inayokaribiana nayo kwa jina, ambayo hufuta majedwali yote na kuanza upya. Tafauti baina ya hizo mbili ni neno moja tu. Haifai amri kama hizo kutolewa kabla nakala rudufu haijachukuliwa, wala nakala kuitwa nakala kabla haijajaribiwa kurejeshwa.

Tano, saa. Laravel, isipoelekezwa vingine, hufuata saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kahawa iliyopimwa saa mbili asubuhi itaandikwa saa kumi na moja alfajiri, wakati ghala limefungwa. Siku ya ugomvi, stakabadhi ya haki itaonekana kuwa ya kughushi.

Ndugu watumishi,

Upande wa Tanzania Bara, mwaka 2017 Serikali ilizindua tovuti za mikoa na halmashauri zenye muundo mmoja. Wilaya ya Mbinga ina halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji, na kila moja ina anwani yake chini ya jina la Serikali. Faida ya utaratibu wa pamoja ni kwamba marekebisho ya usalama hayaachiwi kila ofisi iyatafute kivyake. Zanzibar nayo ina Mamlaka yake ya Serikali Mtandao, na ofisi isiyo na wataalamu wa kutosha ni vyema ikaitaka shauri kabla ya kukodi nafasi kwa kadi ya mtu binafsi. Kadi hiyo ikiisha muda, mfumo wa ofisi nao husita.

Vile vile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Jina la mkulima, simu yake na malipo yake ni taarifa za aina hiyo. Ofisi ijue seva yake iko nchi gani.

Mwisho, wingu hufikiwa kwa njia, na njia hukatika. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kahawa haingoji waya uunganishwe, wala karafuu hazingoji. Kwa sababu hiyo kitabu cha stakabadhi cha karatasi kisitupwe. Karani aandike, mkulima apewe nakala yake, na mfumo ujazwe mawasiliano yakirejea.

Mkulima wa Mbinga hataiona seva hiyo maisha yake, wala hana haja ya kuiona. Haja yake ni kwamba siku ya malipo, kilo alizopimiwa ziwe ndizo zilizoandikwa. Mwenye kusimika mfumo amepokea amana hiyo, na amana hurudishwa kama ilivyopokelewa.

Wabillahi tawfiq.