Wakristo na Fimbo ya Dola

(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mwenzetu, mwenye duka Dutwa, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, mbele ya wanachama wa Visiwani wanaoishi sehemu hizo.)





Katibu ametutaka tuseme juu ya suali ambalo wengi wetu tunakutana nalo, ijapokuwa aghlabu twalipita kimya kimya. Suali lenyewe ni hili: Je, yafaa Wakristo waitumie Serikali kuwalazimisha watu wote kushika maadili ya dini yao?

Pengine yuko atakayeuliza, hayo yatuhusu nini sisi watu wa Visiwani, ambao takriban sote ni Waislamu? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, hapa Bara sisi ni wachache katikati ya wengi, na sheria yoyote itakayotungwa kwa jina la dini ya jirani itafika mlangoni petu. Pili, huko kwetu sisi ndio wengi. Mizani tutakayoitumia hapa leo hatuna budi kuipakia chomboni na kwenda nayo nyumbani, wala si haki kuiacha Bara kwa kuwa huko kwetu inatuelemea.

Ndugu zetu, katika kijiji kimoja cha jirani na hapa walitokea waumini wa makanisa, watu wema na majirani zetu, wakataka Halmashauri ya Kijiji itunge sheria ndogo ya kupiga marufuku ngoma baada ya mavuno, kufunga vilabu vya pombe moja kwa moja, na kufunga maduka Jumapili mpaka ibada imalizike. Wakatujia dukani na karatasi wakitaka tutie saini. Hoja yao ilikuwa nyepesi: "Nyinyi Waislamu pombe kwenu ni haramu. Basi mbona msituunge mkono?"

Hatukutia saini. Pombe hatuinywi, hatuiuzi, na Inshaallah hatutaiuza. Hata hivyo hatukutia saini, na leo twataka kueleza kwa nini, kwani wapo wenzetu waliotuona kuwa tumeipa dini mgongo.

Sababu ya kwanza ni kwamba dhambi na jinai si kitu kimoja. Dhambi ni deni baina ya mja na Mola wake. Jinai ni dhulma anayotendewa mtu, au fujo inayovunja amani ya watu. Mlevi anayempiga mkewe ametenda jinai, na Polisi wamshike. Kilabu kinachouza nje ya saa zilizowekwa kimevunja sheria, kwani Sheria ya Vileo iko tangu mwaka 1968. Lakini mkulima wa Kisukuma aliyevuna pamba yake, akaiuza, kisha akacheza ngoma ya wazee wake, amemdhulumu nani? Kama amekosa mbele ya Mwenyezi Mungu, kuna padri, kuna mchungaji, kuna shekhe, na kila mmoja ana ulimi wa kumnasihi. Hakimu haingii hapo.

Yuko atakayetujibu kwamba Wakristo waliitumia Serikali kukomesha utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sayyid Barghash alipobanwa na Waingereza, na katika Uingereza kwenyewe watu wa makanisa walikuwa mstari wa mbele kuitaka Serikali yao ifanye hivyo. Mahali pa soko hilo, pale Mkunazini, wakajenga kanisa kuu lao. Je, hayo hayakuwa maadili ya dini yaliyotekelezwa kwa nguvu za dola?

Jawabu letu ni kuwa hayo ndiyo hasa yanayotuonyesha mpaka. Mtumwa alikuwa mtu aliyedhulumiwa, mwenye nyororo shingoni. Mkristo aliyemsemea hakuwa akimlazimisha mtu kusali. Alikuwa akimtoa mtu mikononi mwa dhalimu. Kwa kazi kama hiyo, Mkristo aende Serikalini, na Muislamu aende pamoja naye, na asiye na dini awafuate. Katika nchi hii ya Usukuma vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kutuhumiwa uchawi, na wengine walihukumiwa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, nayo aghlabu yamefanywa mekundu na moshi wa jikoni. Makanisa yakiipigia kelele Serikali iwalinde akina bibi hao, twasema amin. Kadhalika katika jambo la kuwaoza watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo hivyo mwaka 2019. Anayetetea hapo anamtetea mtoto. Basi kipimo chetu ni suali moja: yuko wapi aliyedhulumiwa? Akipatikana, sheria iitwe. Asipopatikana, sheria ikae kitako, na wahubiri wafanye kazi yao.

Sababu ya pili ni mfano tuliouona katika nchi hii yenyewe. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo juu ya sheria moja ya ndoa kwa Tanzania Bara, na mjadala ukawa mkali misikitini na makanisani. Rais wakati huo alikuwa Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mshika dini, mtu wa kuhudhuria misa kila alipoweza. Kanisa lake lafundisha mke mmoja. Bunge lilikuwa lake, chama kilikuwa kimoja, na nguvu zote alikuwa nazo. Lau angetaka kuifanya itikadi ya kanisa lake kuwa amri ya nchi, ni nani angemzuia? Lakini sheria iliyopitishwa mwaka 1971 iliitambua ndoa ya mke mmoja na ikaitambua ndoa ya mitala. Wakristo wawili waliofunga ndoa kanisani hawawezi kuigeuza ndoa yao kuwa ya mitala maadamu wote wawili wangali Wakristo. Muislamu na mtu wa mila wakaachiwa yao. Sisi wa Visiwani tunayo mengi ya kumlaumu Mwalimu, na katika karatasi hii hatujaacha kuyasema. Walakini haki ni haki: katika jambo hili alijua tofauti ya kiti cha Urais na goti la kanisani. Na Katiba ya mwaka 1977, kama ilivyo leo, yasema kwamba Jamhuri haina dini, na kwamba kuiendesha dini si kazi ya mamlaka ya nchi.

Sababu ya tatu yawahusu Wakristo wenyewe. Mwaka 2015 ulipofikishwa Dodoma mswada uliohusu Mahakama ya Kadhi kwa Bara, maaskofu waliupinga kwa nguvu, nao haukupita. Hoja yao ilikuwa kwamba Serikali isiyo na dini haifai kuingia katika mambo ya dini ya raia. Hatukuipenda hoja hiyo, kwani Kadhi humhukumu Muislamu katika ndoa, talaka na mirathi yake, wala hamwiti Mkristo barazani pake. Lakini natuikubali kwa ajili ya mjadala. Ikiwa ni hoja ya haki siku Muislamu anapoomba Kadhi wake, basi na isimame imara siku Mkristo anapoomba askari wa kufunga ngoma ya Msukuma. Hoja haiwi na nguvu Dodoma ikawa dhaifu Bariadi.

Sababu ya nne ni kwamba dola haitoi msaada wa bure. Ukiikaribisha ndani kukusaidia dini, haitoki. Huketi ikaanza kuamuru. Sisi wa Visiwani ni mashahidi. Kwa Sheria ya Mufti ya mwaka 2001, Mufti huteuliwa na Rais wa Zanzibar, na ofisi yake ikapewa madaraka juu ya misikiti na mikusanyiko ya dini. Tangu hapo mtu anayetaka kutoa mhadhara wa Kiislamu atafute ruhusa kwanza. Na masheikh wa Uamsho waliokamatwa mwaka 2012 walikaa mahabusu Bara kwa miaka mingi bila kesi yao kumalizika, mpaka mashitaka yalipoondolewa wakafunguliwa mwezi wa Juni 2021. Tunayataja haya ili Mkristo ajue mapema: Serikali inayoweza kukufungia ngoma ya jirani yaweza kesho kukuchagulia askofu.

Tutazame na majirani zetu. Zambia, Rais Chiluba alitangaza tarehe 29 Desemba 1991 kwamba nchi yake ni ya Kikristo. Watu wengi walishangilia. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya London ilimtia hatiani, katika kesi ya madai, kwamba yeye na wenziwe walichukua mamilioni ya dola za umma, ijapokuwa mahakama ya kwao ilimwachilia katika kesi ya jinai mwaka 2009. Sisi si mahakimu wake. Twasema tu kwamba tangazo la dini halikuilinda hazina ya maskini wala halikumtoa mtawala katika shaka.

Uganda nako, mwezi wa Mei 2023, Rais Museveni alitia saini sheria kali dhidi ya mahusiano ya watu wa jinsia moja, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda aliipokea kwa shukrani, isipokuwa hiyo adhabu ya kifo. Msimamo wa dini zetu mbili katika jambo hilo unajulikana, wala hatukuja hapa kuugeuza. Lakini tazameni sheria ile ilivyofanya: ilimtaka jirani akamshitaki jirani, na ikamtia hatarini mwenye nyumba kwa ajili ya mpangaji wake. Vifungu hivyo Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilivifuta mwezi wa Aprili 2024, na mengi yaliyobaki ikayaacha. Sisi wenye maduka na vyumba vya kupangisha tuone maana yake. Sheria ya namna hiyo haimfanyi mtu kuwa mwema. Yamfanya kuwa mpelelezi.

Basi Mkristo afanye nini, akae kimya? La, hasha. Hapa Usukumani ipo njia nyingine, na waliifungua wenyewe. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement hakumwendea Bwana Shauri kutaka ngoma za Bagika na Bagalu zipigwe marufuku. Aliikaribisha ngoma katika sikukuu ya kanisa ya Bulabo, na papo hapo Bujora ikasimama Makumbusho ya Wasukuma. Watu wanakuja kwa hiari yao, pasipo askari wa kuwasukuma. Mtu akitaka kujua nguvu ya dini, na aitazame pale inapovuta watu bila ya kuwa na pingu mkononi.

Ndugu wanachama, sasa tufike nyumbani, maana hapa ndipo pagumu. Huko kwetu, mara kwa mara, watu wamekamatwa kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Twajua uchungu wa aliyefunga anapomwona mtu anakula mbele yake. Adabu yataka mgeni ajisitiri, na mwenyeji ana haki ya kumwambia kwa upole. Lakini saumu ni ya Mwenyezi Mungu, naye peke yake ndiye ailipaye. Asiyefunga akipelekwa kituoni, saumu yetu imeongezeka nini? Na mwaka 2012 makanisa yalipochomwa moto Unguja, na mwezi wa Februari 2013 Padri Evarist Mushi alipouawa kwa risasi, ni nani kati yetu aliyeweza kusimama hapa Bara na kusema dini yetu imepata ushindi? Wengi wetu tuliinamisha vichwa madukani mwetu.

Kila aliyepita chuoni aijua aya inayofuatia Ayatul Kursi katika Suratul Baqara, nayo yamkataza Muislamu kumtia mtu dini kwa nguvu. Haikusema kwamba mkiwa wachache msilazimishe, na mkiwa wengi lazimisheni. Twamwambia Mkristo wa Bara asitumie dola kumfanya Msukuma mtakatifu. Basi sisi, siku chama chetu kitakapoongoza nchi, tusiitumie dola hiyo kumfanya Mkristo wa Unguja, au Muislamu mvivu wa Pemba, kuwa mcha Mungu. Chama kiahidi maji, hospitali, skuli, mahakama zisizonunuliwa na kura zisizoibiwa. Pepo si yetu kuiahidi, na Jahannamu si jela ya Serikali.

Kwa hayo twaomba tawi hili liazimie mambo mawili. La kwanza, wanachama wetu wasitie saini ombi lolote la kutaka Serikali itekeleze amri za dini, liwe la kanisa au la msikiti, isipokuwa pale ambapo yuko mtu aliyedhulumiwa na wao wako tayari kumtaja. La pili, azimio hilo lipelekwe makao makuu na kuombwa liingizwe katika ilani, ili tulilowaambia majirani zetu hapa Dutwa liwe ndilo tutakalolitenda Unguja na Pemba.