Ujira wa Fundi na Haki ya Mwenye Gari



Tumezoea kuzungumzia haki katika mambo makubwa: ardhi, mifugo, mirathi na madini. Leo tutazame ugomvi unaoonekana mdogo, yaani ule wa mwenye gari na fundi, injini ikiwa imeshushwa na kazi haijakwisha. Katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti jambo hilo si dogo. Gari linalobeba abiria na mazao kati ya Mugumu, Nyamongo na Sirari ndilo linalolipa karo za watoto, na ndilo linalomfikisha mgonjwa hospitalini. Likilala gereji miezi mitatu, familia nzima huumia. Fundi naye ana familia, na jasho lake ndilo chakula chao.

Tuchukue mfano. Wawili wamepatana ufundi wa shilingi 400,000 kwa kuifungua injini na kuitengeneza upya. Vipuri atanunua mwenye gari. Ametanguliza shilingi 250,000. Fundi ameishusha injini, ameifungua, amesafisha na kupima silinda, kisha kazi imesimama. Fundi anadai shilingi 150,000 zilizobaki ndipo gari litoke. Mwenye gari anadai arudishiwe fedha zake zote. Nani ana haki?

Hatuwezi kujibu kabla ya kuuliza maswali mawili: ni kazi ipi iliyofanyika, na ni nani aliyeifanya isimame? Tuseme fundi mwingine, asiye ndugu wa yeyote, amekagua na kukadiria kwamba kazi iliyofanyika ni ya shilingi 160,000, na iliyobaki ni ya 240,000. Ikiwa kazi ilisimama kwa sababu mwenye gari hakununua vipuri, si haki fundi akose ujira wa alichofanya. Ikiwa fundi ndiye aliyeiacha, basi asidai ujira wa kufunga injini ambayo hajaifunga. Na kama mwenye gari atalazimika kumlipa mwingine shilingi 280,000 ili amalize, zile 40,000 zilizozidi ni hasara aliyoisababisha fundi wa kwanza.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yatuongoza. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara itokanayo na uvunjaji huo. Sheria hiyo pia inamruhusu fundi kulishikilia gari alilolifanyia kazi mpaka alipwe ujira unaostahili. Lakini haki hiyo ni kwa ajili ya kazi iliyofanyika. Haimpi ruhusa ya kung'oa vipuri wala kulitumia gari kwa safari zake.

Mafundi nao wafahamu hatari ya kupatana bei moja kwa kazi nzima. Huko Uingereza, mwaka 1898, katika kesi ya Sumpter na Hedges, mjenzi aliyeacha majengo yasiyokamilika hakupewa ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya. Alilipwa thamani ya vifaa tu, alivyoviacha na mwenye kiwanja akavitumia. Kanuni hiyo ni kali. Ndiyo maana tunashauri malipo yapatanwe kwa hatua.

Kwanza, kabla ya injini kufunguliwa, andikeni karatasi mbili zinazofanana: kushusha na kufungua, bei yake, kusafisha na kupima, bei yake, kufunga, bei yake, kurudisha na kujaribu, bei yake. Andikeni pia siku ya kumaliza, na nani atanunua vipuri. Wote wawili watie sahihi mbele ya shahidi.

Pili, kila fedha inayotoka iwe na stakabadhi, na kila kipuri kilichotolewa kionyeshwe mwenye gari.

Tatu, mkishindwa kuelewana, mwiteni fundi wa tatu akague, kisha mketi mbele ya wazee au viongozi wa jumuiya. Baraza la Kata, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1985, lina kazi ya kusuluhisha. Likishindikana hilo, ipo Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza kesi kwa Kiswahili.

Tusikimbilie kumweka mtu mahabusu kwa sababu ya deni. Deni la ufundi ni dai la madai, si jinai. Vipuri vikiibwa, hapo ndipo polisi wana kazi. Wala tusiende gereji na vijana wenye marungu. Sisi wa Mara tunajua ugomvi wa watu wawili unavyoweza kugeuka kuwa wa koo mbili.

Sura ya 19 ya Kitabu cha Walawi yakataza mambo yote mawili: kuulaza ujira wa kibarua, na kutumia vipimo vya uongo. La kwanza lamhusu mwenye gari, la pili lamhusu fundi. Viongozi wa jumuiya, tunawaomba mjifunze kuipima kazi hatua kwa hatua, ili anayekuja kwenu na malalamiko aondoke na hesabu, na wote wawili waweze kusalimiana tena sokoni.