Kipaji na Hasira: Funzo Kutoka Meza ya Puli

(Mazungumzo kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Kisauni)



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana na hasira. Nitapitia kwenye mchezo wa puli. Najua wazazi wengi wakisikia neno hilo roho zao hushtuka. Kwao puli ni pale pesa ya unga inapopotelea, ni moshi, ni ugomvi wa usiku. Hawasemi uongo. Lakini ukitoka Bombolulu ukapita Kisimani, Mlaleo, Mwandoni, mpaka Mtopanga, meza hutazikosa, na pembeni ya kila meza wapo watoto wetu. Mvuvi hatupi wavu mahali anapopenda yeye, hutupa palipo samaki. Basi nasi tuanzie walipo vijana.

MTU ALIYEITWA LULU

Yuko Mmarekani mmoja, Earl Strickland, aliyezaliwa mwaka 1961 katika jimbo la North Carolina. Wenzake walimpa jina la utani la Lulu. Kwa kupiga mipira ile, amekuwa mmoja wa mafundi wakubwa ambao dunia imepata kuwaona. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1990, akarudia 1991, kisha akalitwaa taji tena mwaka 2002 mjini Cardiff. Mashindano makubwa ya wazi ya nchi yake aliyashinda mara 5: 1984, 1987, 1993, 1997 na 2000. Mwaka 2006 jina lake likaingizwa katika orodha ya heshima ya mchezo huo huko Marekani.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mtu huyuhuyu alijulikana kila alipokwenda kwa ulimi na hasira. Aligombana na waamuzi. Aligombana na watazamaji, akiwajibu mmoja mmoja kutoka mezani. Aligombana na aliyecheza naye. Kelele kidogo tu zilimtoa mchezoni, hata ikafika siku akawa anacheza huku ameziba masikio kwa vifuniko kama vya mafundi wa mashine. Watu walilipa kiingilio kumwona akipiga, na wengine walilipa kumwona akilipuka. Hiyo ni aibu, maana mtu mwenye kipaji cha Mungu anageuka kuwa sinema ya wapita njia.

HASIRA HUPIKIKA KITINI

Ili tuelewe hasira hiyo inatoka wapi, lazima tuujue mchezo wenyewe. Hapa kwetu tumezoea ule wa mmoja kuchukua nusu ya mipira, mwenzake nusu, na namba 8 unangoja mwisho. Wao hucheza sana ule wa mipira 9. Unaanza na mpira wenye namba ndogo, na atakayetumbukiza namba 9 kihalali ndiye mshindi. Ukikosea, unakwenda kuketi. Na mwenzako akiwa hodari anaweza kumaliza meza, ikapangwa upya, akapiga na kuimaliza tena, na tena, wewe upo kitini unatazama. Huwezi kumgusa. Huwezi kumzuia. Mpira wa miguu ukizidiwa unaweza kukimbia, ukakaba. Kwenye puli, ukiwa kitini, mikono yako haina kazi.

Hapo ndipo hasira inapopikika. Si wakati wa kupiga, ni wakati wa kungoja.

Jamani, si ndiyo hali ya vijana wetu? Kijana amemaliza kidato cha nne, ameketi. Amesomea ufundi umeme, ameketi. Kila asubuhi anaona mwingine yupo mezani: mwingine kapata kazi bandarini, mwingine kaingizwa hotelini na mjomba wake, mwingine kanunuliwa bodaboda. Yeye zamu yake haifiki. Tukimwona anatukana mama yake au anatembea na kundi la wenye mapanga, tunasema mtoto huyu kaharibika leo. Hapana. Ameharibikia kitini, siku nyingi, na sisi tulikuwa tukimpita tukienda mkutanoni.

Siwapi vijana ruhusa ya kumwumiza mtu. Aliyekatwa panga akienda dukani kununua maziwa hana kosa lolote katika ukosefu wa kazi wa mwenzake. Nasema tu kwamba tukitaka kutibu ugonjwa, tujue ulipoingilia.

WAWILI WALIOJUA KUKETI

Walikuwako wengine walioketi kwenye kiti kilekile wakatenda tofauti. Mmoja ni Efren Reyes wa Ufilipino, aliyezaliwa mwaka 1954 katika jamaa ya kimaskini. Akiwa mdogo alipelekwa Manila kukaa na mjomba wake mwenye ukumbi wa puli. Alikuwa mfupi mno, akasimama juu ya kreti za soda ili aifikie meza. Usiku wateja wakiondoka, meza hiyohiyo ilikuwa kitanda chake.

Mwaka 1996 Reyes na Strickland walikutanishwa Hong Kong. Mshindi ni yule atakayetangulia kupata michezo 120, kwa siku tatu, na dola 100,000 zote zinamwendea mmoja. Reyes aliachwa nyuma kwa michezo mingi. Akaketi, akangoja, kila alipopata nafasi akaitumia. Mwisho ilikuwa 120 kwa 117. Reyes akaondoka na pesa. Tazameni hesabu hiyo: michezo 237, na tofauti ni 3 tu. Kwa ufundi walikuwa sawasawa.

Wa pili ni Francisco Bustamante, Mfilipino pia. Mwaka 2002 akiwa Cardiff kwenye mashindano ya dunia alipata habari kwamba mtoto wake mchanga amefariki huko nyumbani. Nani angemlaumu kama angevunja fimbo akaondoka? Aliendelea kucheza mpaka fainali, na huko alikutana na nani? Strickland. Akashindwa, 17 kwa 15. Hakukata tamaa, akaendelea na kazi. Mwaka 2010, miaka 8 baadaye, huko Doha nchini Qatar, akawa bingwa wa dunia.

Angalieni jambo hili vizuri. Mwaka 2002 mwenye hasira alimshinda mwenye subira. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba mpole hushinda kila siku. Wapo wakali wanaofanikiwa, na nyinyi vijana mnawaona mtaani wakipita na magari. Ninachosema ni kwamba subira humweka mtu karibu na meza mpaka zamu yake irudi. Hasira humwondoa hata kabla zamu haijafika.

HASIRA ILIYO YA HAKI

Mwaka huohuo wa 1996, katika eneo la Dallas, iliwekwa zawadi ya dola milioni 1 kwa mchezaji atakayemaliza meza mara 10 mfululizo bila kumpa mwenzake nafasi. Wengi walidhani haiwezekani. Strickland akamaliza mara 11! Kampuni ya bima iliyotakiwa kutoa pesa ikakataa kulipa. Hebu jiwekeni mahali pake. Hapo mtu ana haki ya kukasirika, na hata sisi tungekasirika.

Lakini dai hilo halikumalizwa kwa fimbo. Lilikwenda kwa mawakili, na mwishowe pande zote zikapatana. Kwa hiyo hasira yenyewe si dhambi. Inategemea unaipeleka wapi. Ukidhulumiwa mshahara wa kibarua, au kiwanja chenu kikinyakuliwa, kasirika, kisha ukasirike kwa karatasi: andika tarehe, tafuta shahidi, nenda kwa chifu, nenda ofisi ya kazi, njoo kwenye dawati la haki la parokia. Na tangu mwanzo mkubaliane kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ni kama maji kwenye tenga.

KILA KIKUNDI KINA EARL WAKE

Sasa turudi kwenye vikundi vyetu, maana ndiko ninakotaka tufike. Kila kikundi kina mtu hodari kuliko wote ambaye hakalii na mtu. Ni fundi mwashi ambaye ukuta wake haupindi, lakini akiambiwa neno anatupa mwiko. Ni mama anayejua hesabu za mzunguko bila kalamu, lakini akiulizwa daftari anasusa mwezi mzima. Vikundi vingi hufanya moja kati ya mawili: ama humwogopa wakamwachia kila kitu, ama humfukuza. Ukimwogopa, kikundi kinakuwa chake. Ukimfukuza, kazi inalala, na yeye anarudi kitini.

Wenye mchezo wa puli hawakufanya lolote kati ya hayo. Strickland waliendelea kumwita, hata kwenye timu ya nchi yake dhidi ya Ulaya. Lakini waliweka kanuni ambazo hazimjui mtu. Mwamuzi yupo. Saa ipo: muda ukipita bila kupiga, umekosea. Mchezaji pia anayo haki ya kuomba mapumziko mafupi akavute pumzi. Nasi tunaweza kufanya hivi:

1. Kanuni ziandikwe wakati watu wanacheka, si wakati wanagombana. Zisomwe kwa sauti kila mwanachama mpya akiingia.

2. Mwenyekiti apewe uwezo wa kusimamisha kikao kwa dakika 10. Watu wanywe maji, watoke nje. Maneno mengi yaliyovunja vikundi yangekufa katika dakika hizo.

3. Mkali apewe kazi yenye mwanzo na mwisho, tena apewe kijana wa kumfundisha. Mtu anayefundisha hujifunza kungoja.

4. Anayengoja zamu asiachwe mikono mitupu. Asiyepata mkopo mwezi huu apewe daftari aandike, au apelekwe kuona mradi wa wenzake. Kiti kiwe shule.

5. Kosa lionywe faraghani kwanza, na watu wawili anaowaheshimu. Asiaibishwe mbele ya wote, maana aibu ni mafuta ya taa.

Wapo wanaouliza: je, kikundi cha vijana kinunue meza ya puli kiwe mradi? Jibu langu: meza si shetani, ila haina akili. Ikiwa hakuna kamari, hakuna mtoto wa shule wakati wa masomo, kuna saa ya kufunga, leseni imeulizwa na daftari linaonekana na wote, basi inaweza kulipa. Ikiwa hayo hamyawezi, fugeni kuku kwanza.

Wahenga walisema hasira hasara. Mimi naongeza: na hasara ya kwanza ni ya kikundi kinachopoteza mtu wake hodari kwa kukosa kanuni ndogo. Watafuteni walioketi vitini. Waiteni kwa majina yao. Zamu yao ikifika, wawe bado wapo.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI (ona, amua, tenda)

1. Katika kikundi chetu ni nani mwenye kipaji kikubwa na hasira za haraka? Tumemwogopa, tumemfukuza, au tumemsaidia? (Msitaje jina kwa kumchoma.)

2. Ni vijana gani wa mtaa wetu walioketi kwa muda mrefu bila zamu? Nani atawatembelea wiki hii?

3. Tuna kanuni gani zilizoandikwa? Tuchague moja ya kuongeza, na tarehe ya kuanza kuitumia.