Msaada kwa Walioachishwa Kazi za Mkonge na Nguo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tanga, siku Chama chetu Kikuu kilipotimiza miaka 10)



 Nitakalolisema si la vifijo. Ni habari za wenzetu wanaoachishwa kazi za nyuzi na nguo pindi bidhaa za nje zinapozishinda zetu sokoni, na msaada wanaoupata kwa Serikali. Pengine mzee mmoja atauliza, yatuhusu nini sisi wakulima? Yatuhusu, kwa kuwa wengi wetu humu ukumbini tu watoto wa wakata mkonge.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na miche 62 tu iliyosalimika safarini ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka 1964 nchi ilitoa kiasi cha tani 230,000. Kisha wakulima wa Ulaya na Amerika, waliokuwa wakifungia majani makavu ya mifugo kwa kamba zetu, wakapata kamba za plastiki za bei nafuu. Bei ya mkonge ikaanguka, na uendeshaji mbaya wa mashamba ukazidisha hasara, hata mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yakawa kama tani 20,000 tu. Korona moja baada ya nyingine zikanyamaza. Waliokuja zamani kama manamba kutoka mbali walikuwa wamezeeka hapa, wala hawakuwa na shamba la kurudia.

Wenzetu wa viwanda vya nguo yaliwapata yayo hayo. Tangu mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, nguo za nje na mitumba zilijaa madukani, na viwanda vingi vya umma vikasimama. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuikomesha mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwaondolea nafuu ya ushuru. Rwanda peke yake ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Basi kufunga mlango si kazi nyepesi kwa nchi ndogo, na mfanyakazi hawezi kungoja mpaka ufungwe.

Hao Wamarekani wenyewe walitunga sheria mwaka 1962 ya kuwasaidia wafanyakazi walioumizwa na bidhaa za kigeni. Lakini masharti yake yalikuwa magumu mno, hata ombi la kwanza la wafanyakazi likakubaliwa mwaka 1969! Sheria njema kwenye karatasi, na miaka saba mtu hajaona senti.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2004 yaagiza kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Maana yake ni hii: aliyefanya kazi miaka 20 anaweza kutoka na mshahara wa siku 70. Mwaka 2018 likaongezwa fao la kukosa ajira kwa waliochangia mfuko wa hifadhi, nalo ni theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Siidharau hatua hiyo. Lakini kila mkulima hapa anajua kwamba mkonge hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka kama mitatu. Mtu aliyepewa kitalu na msaada wa miezi 6 atakula nini katika miezi 30 iliyobaki? Atauza kitalu.

Njia ya kitalu yenyewe ni nzuri, nasi tumeiona. Tangu mwaka 1999 Kampuni ya Katani iliwapa watu vitalu ndani ya mashamba yake, kama Mwelya, Magunga, Ngombezi, Magoma na Hale, na singa zao zikasindikwa kwenye korona za shamba. Kibarua akawa mkulima.

Kwa hiyo naiomba Serikali, kupitia Maofisa waliopo, msaada wake upimwe kwa umri wa mkonge. Miche itoke Mlingano, na mkopo wa palizi ulipwe baada ya mkato wa kwanza, si kabla. Mahindi na maharage yapandwe kati ya mistari ili nyumba ipate chakula.

Nanyi wanachama, nimesikia minong'ono kwamba hawa ni vibarua, si wakulima, nao watatupunguzia zamu za korona. Zamu ni chache kweli, wala sifichi. Lakini aliyeshika panga la mkonge miaka 20 hahitaji kufundishwa kukata. Hoja iliyo mbele ya Mkutano Mkuu ni kwamba waruhusiwe kulipa kiingilio na hisa kidogo kidogo mpaka mkato wao wa kwanza. Fomu ziko mezani kwa Katibu, nami nawaomba mpige kura kabla ya chakula cha mchana.